UZI: Kwa nini familia za Tanga mjini hazinunui mboga za kilimo hai, hata zile zinazosema zinazitaka

Mkebe_wa_Mbegu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Kila tukizungumza kilimo hai hapa Tanga, mazungumzo yanaishia palepale: "wateja hawana elimu." Mimi nakataa. Mama wa Makorora au Mabawa anajua fika kwamba ule unga mweupe au wa bluu juu ya nyanya ni dawa. Anaufuta kwa kanga, ananunua, anaondoka. Elimu anayo. Tatizo liko kwingine, nami naona linaanzia kwenye njia ambayo mboga inapita kabla ya kumfikia.

Kabichi, karoti, hoho na viazi mviringo vinashuka kutoka Lushoto hadi Mombo, vinakuja Segera, Muheza, halafu mjini. Nyanya zinatoka huko mlimani na pia kwenye mashamba ya umwagiliaji ya bondeni, upande wa Mombo na Korogwe. Zikifika soko la Mgandini, matenga ya wakulima kumi tofauti yanamwagwa pamoja, na zinachambuliwa kwa ukubwa na ugumu. Hakuna anayechambua kwa namna zilivyolimwa. Mkulima aliyehangaika miezi mitatu bila kiuatilifu, nyanya yake inalala kwenye fungu moja na iliyopigwa dawa juzi, na bei ni ileile. Mnunuzi hata akitaka kumlipa zaidi, hana pa kumwona.

Kwa hiyo swali langu kwenu ni hili: familia ya mjini ikiwa na shilingi zake za mboga mkononi, nini kinaamua? Naomba wenye ujuzi wa soko, shamba na jiko watoe maelezo kamili. "Watu wanapenda vya bei rahisi" tumeshasikia.

Fungu_na_Sado

Mkuu, umeanza vizuri. Naongezea upande wa genge, maana ndiko familia nyingi zinakonunua. Mgandini watu wanaenda kwa manunuzi ya wiki au ya shughuli.

Genge la mtaani linauza vitu vitatu kwa pamoja. Linauza mboga, linauza kipimo kidogo na linauza mkopo. Nyanya nne, kitunguu kimoja, hoho nusu, karoti moja iliyokatwa vipande. Mtu anayepata kipato chake kwa siku hawezi kununua sado nzima, na hata akiweza, bila friji nyanya zilizoiva hazimalizi siku nne kwenye joto la Februari. Halafu kuna daftari: "niandikie, jioni baba akirudi nitaleta." Duka la bidhaa za kilimo hai linauza kwa kilo, linataka pesa taslimu, na kutoka Duga au Pongwe kulifuata ni nauli ya bodaboda inayozidi bei ya mboga yenyewe.

Kwa hiyo hata bei zingekuwa sawa kabisa, genge lingeshinda. Anayetaka kuuza mboga za kilimo hai kwa familia za kawaida aanze kufikiria fungu na daftari kabla ya kufikiria kibandiko.

Ugani_Pwani

Naomba nieleze upande wa shamba, kwa sababu bila huo watu wanadhani mkulima wa nyanya anapiga dawa kwa ubaya wa roho.

Adui namba moja ni kantangaze, yule nondo ambaye mabuu wake wanachimba njia ndani ya jani na kutoboa tunda. Akishaingia ndani, dawa inayokaa juu ya jani haimfikii, kwa hiyo mkulima anarudia kila baada ya siku chache, na wengi wanachanganya viuadudu viwili au vitatu kwenye bomba moja la lita 16 pamoja na kiuakuvu cha baka jani. Kipimo ni kizibo cha soda. Kibandiko kikisema vizibo viwili, hofu inasema vinne.

Sasa tazama hesabu ya siku. Kila kiuatilifu kina muda wa kusubiri kabla ya kuvuna, umeandikwa kwenye kibandiko: siku 3, 7, 14, inategemea aina. Nyanya zikianza kuiva zinachumwa kila baada ya siku nne au tano. Dawa ya siku 7 ikipigwa katikati ya mavuno, hakuna namna ya kutii bila kupoteza mchumo mzima. Ndiyo maana mabaki kwenye nyanya yana hatari zaidi mwishoni mwa msimu na wakati wa masika, kuvu wanapochachamaa na mvua inaosha dawa kila siku.

Na upande wa pili wa shilingi: mkulima wa kilimo hai anapata shida kubwa zaidi katika miezi hiyohiyo. Mwarobaini, ambao Tanga umejaa kila mtaa, unafanya kazi vizuri kwa wadudu: gramu 500 za mbegu kavu zilizomenywa na kutwangwa, lita 10 za maji, zilowekwe usiku kucha, zichujwe kwa kitambaa, tia sabuni ya kipande kidogo ili ishike kwenye jani. Piga jioni, kwa sababu jua linaiharibu nguvu yake, na urudie kila siku 5 hadi 7. Lakini mwarobaini hauzuii baka jani. Kwa hiyo Aprili na Mei nyanya ya kilimo hai inakuwa adimu na ghali, na muuzaji akikuambia anazo tele mwezi huo, una haki ya kumuuliza maswali.

Kikombe_cha_Nazi

Ndugu Ugani, mbona mimi nilisikia kilimo hai hakitumii dawa kabisa?

Ugani_Pwani

Hapana, ndugu yangu. Kinakataza viuatilifu na mbolea za kiwandani zilizotengenezwa kwa kemikali, lakini kinaruhusu vitu kama mwarobaini, pareto na hata madini ya shaba dhidi ya kuvu. Ulaya wameweka kikomo cha shaba: kilo 28 kwa hekta kwa miaka 7. Mteja aambiwe ukweli huu mapema. Akija kuugundua mwenyewe ataona alidanganywa tangu mwanzo, na hatarudi.

Jiko_la_Chumbageni

Mimi naomba tuongee jiko, kwa sababu familia nyingi zimeshaamua: "nitanunua ya kawaida, nitaiosha vizuri." Huo ni uamuzi wenye akili, lakini uoshaji wenyewe unakosewa.

Kwanza, klorini na vidonge vya maji vinaua vijidudu. Usivitegemee kuondoa kiuatilifu. Sabuni ya unga usiitumie kabisa, mboga inainywa. Kinachosaidia ni maji mengi yanayotiririka na kusugua kwa mkono, halafu kuloweka kwenye magadi ya kuokea, vijiko viwili vidogo kwa lita moja ya maji, kwa dakika 12 hadi 15, kisha suuza. Kipimo hicho kilijaribiwa kwenye matofaa huko Massachusetts mwaka 2017 na kikaondoa zaidi dawa iliyokuwa juu ya ganda kuliko maji matupu. Majaribio yaleyale yalionyesha kwamba sehemu ya dawa ilikuwa imeshapenya ndani ya ganda, na hiyo haikutoka. Dawa zinazonyonywa na mmea mzima ndiyo kabisa, huwezi kuziosha.

Pili, osha kabla ya kupika na kabla ya kukata. Mankozebu, dawa ya kuvu ambayo mara nyingi ndiyo ule unga tunaouona kwenye nyanya, inakaa juu ya ganda, kwa hiyo inaoshika vizuri. Lakini ikiingia kwenye sufuria, moto unaigeuza kuwa kemikali nyingine mbaya zaidi yake. Kwa hiyo anayesema "moto utaua" anakosea hasa kwenye nyanya. Umoja wa Ulaya uliikatalia mankozebu leseni mwishoni mwa mwaka 2020, hapa bado inatumika sana.

Kabichi: toa majani mawili au matatu ya nje, tupa. Karoti: paa ganda. Nyanya ya kachumbari: ikiwezekana menya, maana hiyo inaliwa mbichi.

Msomi_wa_Raskazone

Dada wa Chumbageni, ahsante. Niongeze kwa nini hata watu wenye uwezo wanasita. Wanauliza: afya inaongezeka kweli? Majibu ya watafiti hayaendi upande mmoja. Mwaka 2012 watafiti wa Stanford walikusanya tafiti nyingi wakasema tofauti ya virutubisho si kubwa, ila mabaki ya viuatilifu ni machache kwenye chakula cha kilimo hai. Mwaka 2014 mapitio mengine yakaona vioksidishaji-pingamizi (kemikali za mmea zinazolinda seli) zaidi na kadimiamu (metali yenye sumu) kidogo zaidi kwenye mazao ya kilimo hai. Mwaka 2018 Wafaransa waliofuatilia watu karibu 69,000 waliona saratani chache kwa wanaokula zaidi vyakula hivi. Lakini Uingereza, mwaka 2014, uchunguzi wa wanawake zaidi ya 600,000 haukuona saratani kupungua kwa jumla. Na wanunuaji wa vyakula hivi mara nyingi wana kipato zaidi na wanavuta sigara kidogo, kwa hiyo kutenganisha sababu ni kazi ngumu.

Ninachokiona mimi: hoja yenye nguvu kwa Tanga ni mabaki ya dawa, na afya ya mkulima anayebeba bomba mgongoni bila glavu. Hoja ya vitamini tuiache. Anayeuza kwa ahadi kwamba mchicha wake unatibu kisukari anaharibu soko la wote.

Fungu_na_Sado

Kabla hatujaenda mbali, tusafishe maneno, kwa sababu mkanganyiko wa maneno unakula pesa za watu kila siku.

"Kienyeji" ni aina. Kuku wa kienyeji anaweza kuchomwa dawa kama kuku mwingine yeyote, na yai lake likauzwa kabla siku za kusubiri hazijaisha. "Asili" halina maana yoyote kisheria; ni neno la kupamba bango. "Kilimo hai" ndilo lenye kiwango: kiwango cha Afrika Mashariki cha mwaka 2007, na alama yake inaitwa Kilimohai. Kwa Tanzania, TOAM, shirika la vuguvugu la kilimo hai lililoanza mwaka 2005, ndilo linalosimamia matumizi ya alama hiyo.

Na jani lenye matundu si ushahidi. Mchicha unaweza kuliwa na viwavi wiki ya pili, ukapigwa dawa wiki ya tatu, ukavunwa siku mbili baadaye. Matundu yapo na dawa ipo. Watu wengi Ngamiani wananunua matundu wakidhani wananunua usalama.

Hesabu_za_Nyumbani

Nadhani tuweke namba, lakini nasema mapema kwamba huu ni mfano wa hesabu, kila mtu aweke bei za siku yake.

Familia ya watu sita inatumia nyanya nusu kilo kwa siku. Tuseme ya kawaida ni 1,500 kwa kilo na ya kilimo hai ni 2,500. Tofauti ni 500 kwa siku, 15,000 kwa mwezi. Nyanya peke yake! Ukifanya hivyo kwa vitunguu, kabichi, karoti, matunda na mayai, unaingia kwenye pesa ya ada au ya umeme, na hapo ndipo wengi wanaacha vyote kwa pamoja. Wanaona ni yote au hakuna.

Ongezeko hilo linatoka wapi? Wengi wanadhani ni tamaa. Samadi iliyooza vizuri inahitajika tani 4 hadi 8 kwa ekari, na kuibeba ni gari au mkokoteni. Palizi ni ya mkono. Kisha usafiri: mkulima mwenye mzigo mdogo kutoka Muheza analipa zaidi kwa kila kilo kuliko mwenye mzigo mkubwa. Na zile zisizouzika. Mteja anayesema anataka kilimo hai bado anachagua nyanya kubwa, laini, isiyo na doa, kwa hiyo sehemu ya mzigo inabaki. Hasara ya zilizobaki inawekwa kwenye bei ya zilizouzwa.

Mkebe_wa_Mbegu

Hapo kwenye "yote au hakuna" umegusa penyewe. Familia ingejua wapi pa kuweka ile 500, ingetosha.

Mimi ningeiweka hivi. Usilipe zaidi kwa nazi, muhogo, kisamvu, matembele, mafenesi wala mastafeli. Hivi katika mkoa wetu mara nyingi havipigwi dawa, kwa sababu havina faida ya kupigiwa dawa. Machungwa ya Muheza yanamenywa, kwa hiyo hofu inapungua. Ndizi vilevile. Viungo kama mdalasini, iliki na pilipili manga vinalimwa katika milima ya Muheza, na vipo vinavyosafirishwa nje kwa cheti cha kilimo hai. Huku kwetu vinauzwa sokoni kama viungo tu, na watu hawajui wanakula nini.

Pa kulipa zaidi ni nyanya, hoho, kabichi na figili, na hasa kama nyumbani mnakula kachumbari kila siku, au kuna mtoto mdogo au mjamzito. Masika nyanya zikiwa ghali na zimejaa dawa, pika bamia, mlenda, nyanya chungu, au weka ukwaju na embe bichi kwenye mchuzi. Watu wa pwani wana ujuzi huo tangu zamani. Mchuzi wa nazi haudai nyanya sita.

Jiko_la_Chumbageni

Naunga mkono, na niweke onyo moja. Karanga na mahindi: cheti cha kilimo hai hakizuii sumukuvu. Hiyo inatokana na unyevu na uhifadhi mbaya, na Tanga ina unyevu mwingi. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumukuvu. Kwa karanga, chambua zilizonyauka, zilizobadilika rangi na zenye ukungu, uzitupe. Usizisage kwa kuzihurumia, na usimpe kuku.

Tena mboga za samadi zioshwe kama nyingine, au zaidi. Samadi mbichi ya kuku ina vijidudu vya kuharisha. Marekani kanuni zao za kilimo hai zinataka siku 120 kati ya kuweka samadi mbichi na kuvuna zao linalogusa udongo. Mchicha unavunwa baada ya wiki tatu hadi nne. Kwa hiyo kwa mchicha, samadi mbichi haifai hata kidogo. Lazima iwe mboji iliyopata joto la kutosha, kuanzia nyuzi 55, na kugeuzwa mara kadhaa.

Kikombe_cha_Nazi

Na ile biashara ya kikapu cha wiki, mnaletewa mlangoni? Kwa nini inaanza kwa kishindo na inakufa?

Hesabu_za_Nyumbani

Inakufa kwa mambo matatu, na la kwanza ndilo kubwa. Anayelipa siye anayepika. Baba au mama wa ofisini analipia, kikapu kinafika na figili, kotimiri na mboga ambazo dada wa nyumbani hajui kuzipika, zinanyauka. Baada ya wiki tatu wanaona wanalipia takataka. Mpishi ndiye aulizwe: chagua mboga saba kati ya kumi na mbili, na ujumbe uende kwenye simu yake yeye.

La pili ni joto. Mchicha uliovunwa saa nne asubuhi ukifika saa nane umeshakufa. Uvunwe alfajiri kabla ya saa kumi na mbili, uchovywe kwenye maji safi, ukung'utwe, ufungwe kwenye jani la mgomba au gunia lililoloa, ukae kivulini. Usibanwe. Majani yanayobanana yanajipasha joto yenyewe yakageuka njano.

La tatu: msimu. Kikapu kilichoahidi nyanya kila wiki kitavunja ahadi mwezi wa nne. Hapo muuzaji anakimbilia Mgandini kujazia, na siku mteja akijua, imani imekwisha. Heri kuandika tangu mwanzo: Aprili na Mei hakuna nyanya, kuna bamia na nyanya chungu.

Ugani_Pwani

Kuna njia ya kuthibitisha ambayo inafaa soko la ndani na gharama zake ni ndogo. Cheti cha kupeleka Ulaya kinahitaji mkaguzi wa nje na muda mrefu wa mpito, miezi 24 kabla ya kupanda kwa mazao ya msimu na 36 kabla ya mavuno kwa mazao ya kudumu. Mkulima wa mchicha hawezi na hahitaji. Kwa soko la hapa kuna mfumo shirikishi: wakulima wa eneo moja wanaunda kikundi, wanakubaliana kwa maandishi kufuata kiwango, kila mmoja anachora ramani ya shamba lake na kuonyesha jirani analima nini, wanaweka daftari la kila kilichoingia shambani, halafu wanakaguana wenyewe kwa wenyewe. Wanunuzi wanakaribishwa kwenye ukaguzi. Kikundi kikisajiliwa kinaweza kutumia alama ya Kilimohai.

Udhaifu wake ni undugu. Ni vigumu kumwandika shemeji yako kwamba ulikuta chupa ya dawa bandani kwake. Dawa ya hilo ni mnunuzi kuwepo siku hiyo, hata wawili tu: mwenye genge mmoja na mama mmoja wa mtaani. Mwenye genge anayejua shamba atatenga fungu lake pembeni, hatalichanganya. Hapo jina la mkulima linavuka soko, na daftari la mkopo linabaki palepale.

Kikombe_cha_Nazi

Sasa mnunuzi asiye mtaalamu akienda shambani aangalie nini?

Ugani_Pwani

Aanze na banda, shamba baadaye. Aombe kuona bomba la kupulizia, afungue kifuniko, anuse. Mwarobaini una harufu yake chungu na viuadudu vya dukani vina yao, kali ya kama mafuta. Atazame kwenye shimo la taka na kando ya mfereji kama kuna pakiti au chupa tupu. Aulize maji yanatoka wapi, na yanapita kwa nani kabla ya kufika hapo, maana bonde linalopokea maji ya gereji au ya vyoo halifai hata kama mkulima hana dawa.

Akifika shambani, aangalie mpaka. Kama jirani anapiga dawa na hakuna matete wala migomba katikati, upepo wa baharini mchana unaleta mvuke wote. Magugu machache na wadudu wa aina mbalimbali, buibui, mbawakawa wadogo wale wekundu wenye madoa, ni dalili njema. Shamba safi mno, lisilo na mdudu hata mmoja, aulize limefanyikaje.

Mwisho afungue daftari na kulinganisha tarehe: mbegu, mboji, mwarobaini, mavuno. Kama kurasa zote zina wino mmoja na mwandiko usiobadilika, zimeandikwa jana usiku.